Choo cha Ndani na Mkwe Wangu wa Fukayosi

Jumatano, 2 Julai

Udhu wa alfajiri nimetilia nje tena, chini ya mlimao, kwa kopo. Baridi. Miguu imekufa ganzi. Lakini ndani sitii. Mwanangu Sudi kajenga bafu na choo chumba kimoja. Beseni la kunawia hapa, kiti cha choo pale, hatua mbili. Nikitamka Bismillahi nimetamka chooni. Nisipotamka, udhu gani huo? Nilimwambia tangu msingi unachimbwa: choo peke yake, bafu peke yake. Akasema mama, ramani ndivyo ilivyo. Ramani kachora nani, malaika?

Choo cha uani kakifukia. Choo alichochimba marehemu baba yake. Shimo halikujaa hata nusu. Kapanda mpapai juu yake. Sasa sina pa kukimbilia.

Jambo moja nimsifu fundi. Kiti hakikuelekea kibla wala hakikukipa mgongo. Nilisimama mlangoni mpaka akakiweka upande. Mengine yote hapana.

Mkamwana wangu Rehema leo siku ya kumi na moja tangu ajifungue. Mtoto wa kike. Mama yake amekuja kutoka Fukayosi kukaa naye arobaini. Bi Tatu. Mkwere, mkulima wa mihogo, mikono kama magome. Anamkanda bintiye kwa maji moto asubuhi na jioni. Kazi hiyo ningeifanya mimi. Wazazi niliowakanda mie hapa Bagamoyo hawana idadi. Lakini mama yake yupo hai, nitasema nini.

Naandika hapa kwenye daftari la shule aliloacha mjukuu wangu mwingine, kurasa zilizobaki. Mwalimu wetu wa kisomo cha watu wazima alituambia tuandike kila siku, mkono usisahau. Yeye keshakufa. Mkono haujasahau.

Alhamisi, 3 Julai

Umeme hakuna, pampu haipandishi maji. Choo cha kisasa bila maji ni balaa tupu. Kile cha shimo hakikudai kitu. Hiki kila ukienda kinakunywa ndoo nzima, kama ng'ombe.

Jumamosi, 5 Julai

Sudi katukusanya mimi na Bi Tatu mlangoni pa choo, kama watoto wa chekechea. Hapa bonyeza kidogo, hapa bonyeza sana. Hiki kibomba cha kuchambia, msikiache wazi. Hapa kwenye kioo ndipo pa kuogea. Mkwe wangu alikuwa ameinamisha kichwa, kanga usoni. Mkwe wake wa kiume anamweleza habari za kuchamba! Dunia imekwisha. Mie nilimwambia Sudi toka, tumeelewa, sisi si vipofu.

Hicho kioo nacho. Mtu mzima aoge ndani ya kabati la vyombo? Kila tone linaacha doa. Rehema kabla hajajifungua alikuwa akikisugua kila siku kwa gazeti.

Bi Tatu hamkandi bintiye ndani ya kioo. Hawaenei. Anamkalisha kwenye kigoda katikati ya chumba, chini katandika gunia lililolowa ili vigae visiteleze. Nilipoona gunia nilicheka. Nikamwambia mkwe, hapa si ghalani. Akasema, "Vigae havimjui mzazi, mkwe." Akaendelea.

Baadaye niliingia pale peke yangu nikakanyaga gunia. Halitelezi. Sikusema kitu.

Naandika na jingine, maana hapa hakuna asomaye. Kiti kile mie sikai. Tangu kimewekwa sijakaa hata mara moja. Kila mtu kaweka pale makalio yake, nami niweke yangu juu ya joto lao? Napanda juu. Naweka mguu huu, naweka huu, nachuchumaa kama nilivyozoea, mkono nashika chuma cha taulo. Magoti yanalia. Lakini nashuka salama. Hakuna ajuaye.

Jumatatu, 7 Julai

Leo Sabasaba. Sudi hakwenda kazini.

Nimevunja choo.

Nilipanda kama siku zote. Goti la kushoto likagoma. Nikavuta chuma cha taulo, kikang'oka na plasta yake. Kiti kile cha plastiki kikateleza chini ya mguu wangu, kikakatika. Nikashika tangi. Mfuniko wa tangi ukaanguka kwenye ukingo wa bakuli, pande kubwa likabanduka. Ule mpira wa maji ukachomoka ukutani. Maji yakaruka mpaka kwenye kioo. Mimi chini. Muundi umechanika.

Nikasikia Bi Tatu anatoka jikoni na ndoo yake ya maji moto. Niliinuka. Kwa magoti yale sijui niliinukaje. Nikatoka, nikapita mlango wa uani.

Yeye ndiye aliyeingia. Sudi alisikia maji akaja mbio, akamkuta kasimama katikati ya mafuriko, ndoo mkononi. Akamuuliza. Kwa adabu, lakini akamuuliza. "Mama, ulipanda juu ya kiti?"

Bi Tatu akajifunika kanga uso mzima, akaelekea ukutani.

Mimi nilikuwa nyuma ya mlango wa uani. Nimesikia yote. Nimenyamaza.

Mama mkwe hazungumzi na mume wa bintiye habari za chooni. Hata wakipishana ukumbini huangalia chini. Ndivyo tulivyolelewa, wa mjini na wa shamba. Ile haikuwa kukiri. Ilikuwa adabu. Sudi kakulia mikononi mwangu na hilo halijui, kadhani amekiri. Mimi nalijua. Ningekuwa pale ningejifunika vilevile.

Nimesema muundi nimejigonga kwenye mbuzi ya kukunia nazi. Wameamini.

Jumanne, 8 Julai

Mguu umevimba.

Kuna choo kingine, cha chumbani kwa Sudi na mkewe. Cha masta, wanakiita. Sudi kasema tutumie hicho mpaka fundi aje. Hebu fikiri. Bi Tatu akatize chumba anacholala mkwewe, apite mbele ya kitanda chao, mkononi kashika kopo. Bora afe. Na mimi ni mama yake Sudi, kitanda hicho nacho si cha kukiona. Nimepita mara mbili nimefumba macho.

Bi Tatu hapiti. Anavuka barabara kwenda choo cha shimo cha jirani yetu Bi Chausiku. Nimemwona mara tatu leo. Kopo chini ya kanga, watu wanamtazama.

Jioni Sudi kaniita pembeni. "Mama, mkae wanawake wenyewe, umfundishe taratibu namna ya kukaa. Usimwaibishe."

Mimi ndiye nimfundishe.

Nimekwenda. Tulikaa barazani nikamfundisha. Unageuka, unajifunua, unakaa kama kwenye kiti cha kawaida. Ulimi wangu ulikuwa mzito kama nimekula udongo. Alinisikiliza mpaka mwisho, anachambua mchele. Halafu akasema, "Ahsante, mkwe. Na wewe ukikaa, huoni baridi?"

Nikasema sioni.

Anajua? Hajui. Angejuaje.

Jumatano, 9 Julai

Sudi karudi na karatasi kutoka duka la fotokopi. Picha ya mtu kachuchumaa juu ya kiti cha choo, juu yake kapigwa msalaba mwekundu. Pembeni mtu kakaa vizuri, kapigwa vema. Kaibandika mlangoni. Choo chenyewe hakifanyi kazi, kaibandika hivyohivyo. Mlango unatazamana na ukumbi. Kila aingiaye kumtazama mzazi anaiona.

Rehema alitoka chumbani, akaisoma, akarudi ndani. Alimuuliza mama yake, nilisikia. Mama, ni wewe? Akajibiwa, "Yaache hayo. Nyonyesha."

Ijumaa, 11 Julai

Leo nimefanya ubaya mkubwa kuliko wa Jumatatu.

Baada ya sala ya Ijumaa walikuja wanawake wa mtaani kumtazama mtoto. Saba au wanane. Tumekaa mkekani, chai na vitumbua. Bi Chausiku, mdomo wake haujawahi kufungwa tangu azaliwe, akauliza, "Mgeni wenu mbona anahamia chooni kwangu, na nyie mmejenga hoteli?" Wengine wakageuka kutazama picha mlangoni. Wananitazama mie mwenye nyumba.

Ningeweza kusema choo kibovu. Maneno mawili tu.

Nilisema, "Wa Fukayosi huyo, shoga. Kakipanda kiti kama anapanda mnazi."

Wakacheka. Bi Chausiku akapiga makofi. Mmoja akasema ustaarabu ni Bagamoyo, huko ndani ni kulima tu. Nami nikacheka nao. Nilicheka sana, nisikie kicheko changu tu.

Pazia la chumba cha mzazi lilikuwa wazi nusu. Bi Tatu alikuwa amesimama nyuma yake na mtoto begani. Aliniangalia. Hakuangalia wengine, aliniangalia mimi. Halafu akaanza kumwimbia mtoto Kikwere, taratibu.

Sikula usiku. Sala nimesali, lakini nimesali kama mtu anayesoma orodha.

Jumamosi, 12 Julai

Fundi kaweka choo kipya. Sudi kamwambia akaze sana, nyumba hii ina wazito. Kaweka na chuma kinene ukutani cha kushika. Nilipoona kile chuma nikataka kulia. Chuma kama hicho kingekuwapo tangu mwanzo nisingeanguka. Lakini kingekuwapo ningeendelea kupanda.

Bi Tatu haingii. Bado anavuka barabara.

Jumapili, 13 Julai

Bi Tatu hali. Anapika, anatupakulia, yeye anasema keshaonja jikoni. Chai haigusi, maji hayagusi. Nimeelewa. Asiyekunywa haendi. Asiyekwenda havuki barabara mbele ya Bi Chausiku.

Mwanamke wa umri wangu anajikausha kama samaki, ndani ya nyumba yangu.

Na mimi naona na nanyamaza. Nimezoea kuwasema watu: huyu mvivu, yule muongo, yule hana haya. Nyani haoni kundule. Mimi langu naliona. Nimelikalia.

Jumatatu, 14 Julai

Ameondoka. Siku ya ishirini na tatu. Arobaini haijafika.

Kamwambia bintiye nguruwe wameingia kwenye mihogo. Nguruwe gani, mwezi huu. Alifunga kanga zake mbili kwenye furushi, akamkanda mzazi mara ya mwisho, akalining'iniza gunia lake ukutani likauke. Kwangu akaja kuaga vizuri kabisa. "Mkwe, nakuachia mtoto wetu." Akapanda bodaboda, hakugeuka.

Mwanamke kumwacha bintiye ndani ya arobaini. Huko kwao wataulizana amefukuzwa kwa lipi. Na jibu litafika, Bi Chausiku ana dada yake Fukayosi.

Rehema amelala amegeukia ukuta.

Alhamisi, 17 Julai

Namkanda mimi sasa. Kazi niliyoililia. Nachemsha maji na majani ya mwarobaini, nabeba ndoo, nachechemea. Muundi unatoa usaha. Kuinama siwezi, kuchuchumaa siwezi, nimeleta stuli yangu karibu na kigoda chake. Nikambonyeza tumbo, akashtuka. Akasema, polepole sana, "Mama hakuanzia hapo. Alianzia kiunoni." Nikaanzia kiunoni. Mikono yangu haina nguvu ile.

Akaanza kulia. Kimya, maji yanamtoka tu, yanachanganyika na yale ninayommwagia. Maziwa yamepungua, mtoto halali. Mzazi mwenye majonzi maziwa hukimbia, mie mwenyewe ndiye huwaambia watu hivyo.

Jumamosi, 19 Julai

Leo nimekaa.

Nilifunga mlango, nikageuka, nikajifunua, nikakaa. Nilikimwagia maji kwanza, nikasema liwalo na liwe. Hakuna joto la mtu. Baridi kidogo, halafu basi. Magoti yametulia kama yamepewa likizo. Nikashika chuma nikainuka bila kuita Mungu mara tatu. Mvua ilikuwa inanyesha huko nje, mimi mkavu. Hakuna mjusi, hakuna giza, hakuna kuhema. Mtu mzee wa magoti kama yangu, kitu hiki kimetengenezwa kwa ajili yake.

Ni kizuri. Nimeandika. Udhu bado natilia nje na kile kioo nakichukia, lakini kiti ni kizuri.

Na ni kukaa tu. Kitu ambacho mtoto wa mwaka mmoja anaweza. Kwa hilo nimemvunjia heshima mwanamke mzima, nimemkausha, nimemfukuza kwa mwanawe. Nilikaa pale muda mrefu. Rehema akagonga, mama, uko salama? Nikasema niko salama.

Si kweli.

Jumapili, 20 Julai

Nimekwenda Fukayosi. Sudi nilimwambia nakwenda kumjulia hali mkwe. Akasema vizuri, mama, una moyo. Neno hilo lilinichoma njia nzima.

Kwa Bi Tatu sikuwahi kufika tangu harusi. Uwanja umefagiwa, mistari ya fagio inaonekana. Alinipokea vizuri, akanitandikia mkeka, akaniletea maji ya kunywa. Nilikuwa nimebanwa, safari ndefu. Nikauliza msalani.

Naandika nilichokiona. Kibanda cha matofali, bati, mlango wenye komeo. Sakafu ya saruji kavu. Ndoo ya bomba na sabuni nje. Na ndani, juu ya tundu, kiti cha mbao, cha mikono, kimetobolewa katikati, kimepigwa msasa mpaka kinang'aa.

Nilikaa. Nilipotoka nikamuuliza cha nani. Akasema, "Cha marehemu mume wangu. Alipooza, miaka minne hakuweza kuchuchumaa. Nilimwita seremala. Sasa nakalia mimi, magoti yamezeeka."

Kwa hiyo yeye hukalia siku zote. Kukaa anajua kuliko sote. Na mimi nilimfundisha, barazani, anachambua mchele.

Nikamwambia. Sikuzunguka. "Mkwe, choo nilivunja mimi. Nilipanda."

Akasema, "Najua."

"Umejuaje?"

"Damu niliifuta mimi, kabla Sudi hajaingia. Ya kwangu haikuwa. Na mchirizi ulielekea mlango wa uani."

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akanitazama kama mtu anavyomtazama mtoto aliyeuliza kwa nini maji yanalowesha. "Nimwambie mkwe wangu habari za chooni? Tena za mama yake?" Akamfukuza kuku mkekani. "Choo si kitu, mkwe. Ningekichukua hata nife nacho. Lakini siku ile ya Ijumaa."

Nikaanza kumwomba radhi. Machozi yalinitoka, nisifiche. Akanyanyua mkono. Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Kunidhalilisha ulinidhalilisha mbele ya watu wanane, wakala vitumbua wakacheka. Radhi unaniletea huku shambani, tuko wawili na kuku. Siitaki ya huku."

Akanifungia mihogo ya kuja nayo. Kubwa, nyeupe. Alinisindikiza mpaka barabarani.

Jumatatu, 21 Julai

Nimewaambia Sudi na Rehema. Asubuhi, kabla Sudi hajatoka. Nilisimama, nikakunja kanga nikawaonyesha muundi. Nikasema ni mimi, na mama yenu alijua, akaninyamazia.

Sudi aliweka kikombe chini. Alitaka kucheka nadhani, halafu akakumbuka lile swali alilomuuliza mama wa watu, uso ukamwiva. Kaenda mlangoni kabandua ile karatasi. Gundi imebaki, pembe nne nyeupe. Kasema atanipeleka zahanati kwa mguu.

Rehema alibeba mwanawe akaingia chumbani. Mchana nilimpelekea mtori, akapokea kwa mikono miwili, kwa adabu zote, macho yako kwingine. Afadhali angenitukana.

Jumatano, 23 Julai

Zahanati wamenisafisha kidonda. Muuguzi, msichana mdogo, kauliza nimeumiaje. Nikamwambia nimeanguka chooni. Nilipanda juu ya kiti. Akasema bibi, wengi wanakuja kwa hilo. Wengi! Na kila mmoja kajigonga kwenye mbuzi ya nazi, bila shaka.

Nimewaalika wanawake Ijumaa. Wale wale. Nimempelekea ujumbe Bi Tatu kwa simu ya Rehema. Ujumbe wangu mfupi: njoo usikie. Jibu hakuna.

Ijumaa, 25 Julai

Walikuja wote, Bi Chausiku wa kwanza. Nimekaanga vitumbua. Vimeungua nusu. Mkeka ule ule.

Bi Tatu hakuwapo. Nikangoja. Chai ikapoa. Bi Chausiku akasema, "Leo umetuita kwa heri au kwa khitma?" Nikasema ngojeni. Nikatamani asije. Naandika kweli, nilitamani asije, nipate sababu.

Akaja. Kwa bodaboda, na furushi lake. Kaingia, kaamkia, kajibiwa, kaketi mwisho wa mkeka karibu na mlango. Hakuvua baibui.

Nilisimama. Kwa kawaida mimi huongea nimekaa, watu ndio husimama. Nikasema, "Siku ile nilisema mkwe wangu kapanda choo kama mnazi. Hakupanda. Niliyepanda ni mimi. Nimevunja, nimekimbia, nimemsukumia yeye. Kukaa kwenye kiti yeye anajua, mimi nimejifunza Jumamosi hii iliyopita. Mshamba wa nyumba hii ni mimi. Mkwe, mbele ya hawa hawa, niwie radhi."

Nilidhani watacheka. Hakuna aliyecheka. Hiyo ndiyo ilikuwa mbaya. Mtu akikucheka una pa kujificha.

Halafu Bi Chausiku, Mungu amsamehe, akasema, "Mtoto wa mjini! Ulipanda na kandambili au bila?" Hapo wakacheka mpaka chai ikamwagika. Wamenicheka mimi. Nilisimama nikachekwa mpaka wakamaliza. Uso unawaka, masikio yanawaka. Umri wangu huu. Kesho mtaa mzima. Keshokutwa Kaole na Mbegani.

Bi Tatu hakucheka. Alisema, "Nimekusikia, mkwe." Hakusema nimekusamehe. Akavua baibui akalikunja. Akaingia kwa bintiye, akashusha pazia. Nikasikia Rehema analia kwa sauti kama mtoto mdogo, na mama yake anamwambia kitu kwa Kikwere.

Nilikusanya vikombe.

Jumamosi, 26 Julai

Siku ya thelathini na tano. Mawingu, hakuna upepo.

Sudi kaniwekea bomba la chini nje, kwenye ukuta wa jiko, na tofali la kukalia. La udhu. Sikumwomba.

Asubuhi Bi Tatu aliingia bafuni na mzazi wake. Nilisikia anavuta kigoda, anatandika. Mimi nilikuwa jikoni, naangalia moto, sijui mikono niiweke wapi. Akaita kutoka huko ndani, sauti ya mtu mwenye kazi zake: "Mkwe! Lete maji."

Nikabeba ndoo. Nikagonga, nikaingia, nikaiweka karibu na mguu wake. Alichovya vidole. Hakunitazama.

Akasema, "Yamepoa."

Hayakuwa yamepoa. Mvuke ulikuwa unapanda mpaka darini. Nikainua ndoo, nikarudi jikoni, nikayateleka tena.